Neno la Siku Mbili

Waridi binti Shakuru aliosha maiti wa kike wa Buyenzi, mjini Bujumbura, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchelewa. Watu wa mtaa walilisema jambo hilo kama wanavyosema fulani ana sauti nzuri ya adhana. Ukifiwa, ukimtuma mtu akagonge bati la dirisha lake, hatamkuta akitafuta viatu. Mkoba wake ulining'inia nyuma ya mlango, umefungwa tayari: kipande cha sabuni, pamba, kafuri ndani ya chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, unga wa majani ya mkunazi unaotoka Kigoma, marashi kidogo, na mkasi ambao hakuutumia kwa kazi nyingine yoyote, hata kukatia uzi. Sanda huletwa na wafiwa. Waridi aliipima kwa mkono wake, akaikata baada ya kumwona maiti, si kabla. Mtu hakatiwi sanda kwa kubahatisha, aliwaambia wanawake aliowafundisha kazi. Aliyelala si yule mliyemzoea amesimama.

Ujumbe ulimfikia Jumatano, magharibi ikiingia, akiwa ameinamia ndoo ya kutawadhia. Simu ililia mara moja ikanyamaza. Namba hakuijua. Maneno yalikuwa ya Kirundi, matano, na jina la aliyeyatuma:

Soumaya yitavye Imana. Guhamba ejo. Melchior.

Soumaya alikuwa binti yake, wa pekee. Melchior ndiye aliyemwoa: Mkatoliki, fundi wa taa za mitumbwi inayovua usiku ndagala, dagaa wa ziwa lile, mtu wa mwalo wa Gasenyi huko kusini, mbele ya Kabezi. Miaka saba iliyopita, Soumaya alipoondoka na begi moja kumfuata mtu huyo, baba yake, Ilyasi, alifunga mlango na kusema usifunguliwe yeye akiwa hai. Mwaka wa nne Ilyasi akafa. Mlango ukabaki umefungwa, kwa sababu hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile aliyekuwa na mazoea ya kuufungua. Waridi alisema moyoni ataenda baada ya eda. Eda ikaisha. Akasema ataenda baada ya mvua. Mvua za Bujumbura huwa haziishi moja kwa moja.

Yitavye Imana ni amemwitikia Mungu. Ndivyo Warundi wanavyosema mtu akifa, na maneno hayo hayana njia mbili. Guhamba ni kuzika. Njia mbili zilikuwa katika neno la mwisho. Kirundi kina neno moja kwa siku mbili: ejo ni jana, na ejo ni kesho. Wenyewe hawapotei, kwa kuwa kitenzi huwaonyesha kama siku imepita au inakuja. Lakini Melchior, mtu wa maneno machache, alikuwa ameandika kuzika, akaandika ejo, akatuma. Kitenzi chake hakikuwa na wakati.

Waridi alimpelekea simu Mwanne, jirani yake, mwanamke mzee ambaye kwa miaka ishirini ndiye aliyemimina maji wakati Waridi anasugua. Mwanne aliiweka simu mbali na macho, akasoma, akasema inna lillahi, akamshika Waridi kiwiko. Halafu akauliza kile ambacho Waridi aliogopa kuulizwa.

"Ejo gani hii?"

"Ya kesho."

"Umejuaje?"

"Wale ni Wakristo, dada. Wakristo wanazikaka lini siku ileile? Mutu wao anangoja. Anangoja kaka wa Gitega, anangoja shangazi wa Ngozi, anangoja kwaya ijifunze nyimbo. Yule mwalimu wa kule mutaa wa nane alilala morgue siku sita kama mugeni wa hoteli."

"Na kule Gasenyi kuna morgue?"

Waridi aliitazama simu mkononi mwa Mwanne.

"Mupigie."

"Nimepiga mara nne. Imezimwa."

Mwanne alirudisha simu. "Basi ni kesho," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwekea mwenzake kiti. "Magoti yangu yangekuwa bado yangu, ningekuja kukumiminia maji."

Kilichobaki kilikuwa wazi. Waridi amewaosha binti za watu mia na zaidi. Huyu mmoja ni wake. Afike kabla hawajamzika, amwoshe kwa mikono yake, amsuke nywele, amvishe, amlaze anavyopaswa kulazwa. Mengine yote, Ilyasi, miaka saba, mlango, yalikuwa yamekwisha na hayakuwa tena na wa kuyajibu. Aliinua godoro akatoa sanda aliyojiwekea mwenyewe tangu mwaka ule alioumwa, ingali imekunjwa kama ilivyotoka dukani, akaitia mkobani.

Mwezi huo esanse, yaani petroli, haikuwapo mjini. Magari yalisimama kwenye foleni za vituo mpaka nyasi zikaota chini ya magurudumu, na mabasi ya kusini hayakuwa yakiondoka. Hata yangeondoka yasingefika: mvua ilikuwa imeshusha kilima barabarani mahali pawili juma lile, na waliotaka kwenda upande wa Rumonge walishuka ziwani wakafuata mchanga. Kilomita thelathini hivi. Waridi alikuwa na miaka hamsini na minane, na mguu wa kushoto ambao hujaa akisimama sana.

Alhamisi aliswali alfajiri, akatoka.

Aliizunguka bandari, akapita nyuma ya maghala, akafika ufukweni jua likianza kuchungulia juu ya milima ya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia lilikuwa ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo, ya buluu, karibu kiasi kwamba mgeni angedhani anaweza kumwita mtu. Alivua kandambili akaziweka mkobani. Mchanga wa asubuhi ni mgumu, unabeba. Kwa saa ya kwanza alitembea vizuri, kazi ya mikono yake ikijirudia yenyewe ndani ya kichwa chake: kwanza bismillahi, kwanza upande wa kulia, kwanza viungo vya udhu.

Ziwa lilikuwa limekula ufuko. Miaka ya karibuni maji yamepanda, na kuta ambazo matajiri walizijenga mbali na wimbi sasa zimesimama ndani yake, zimepinda, zimetobolewa. Kulikuwa na baa moja ambayo viti vyake vya saruji vilikaa ndani ya maji hadi magotini, vikitazamana, kama wanywaji waliosahauliwa. Kila ukuta ulimlazimisha Waridi aingie majini auzunguke. Alifunga mkoba kichwani kwa kanga ya pili, akapandisha buibui na gauni, akaingia. Mara ya kwanza maji yalifika gotini. Mara ya tano yalifika kiunoni, na akasimama kidogo akishika tofali, akiangalia kama kuna viboko, maana hapo ndipo wanapopandia usiku.

Baada ya kuvuka Mto Muha alisikia watu nyuma yake wakicheka. Walikuwa wawili, kijana na msichana, wamevaa viatu vya mbio vya rangi ya ndimu na vifuko vya maji mgongoni vyenye mrija wa kunyonyea. Walikuwa wamemkaribia, na msichana alipunguza mwendo, kwa adabu, ili wasimpite mzee kama wanampita mti.

"Mama, salama? Na we unafanya sport?"

"Salama, binti yangu. Ninatembea."

"Si ndiyo sport yenyewe," alisema kijana. Alijitambulisha, Loïc, na mwenzake Orlane. Wote wa mtaa wa Mutanga Nord, wote chuo kikuu, ila wahadhiri hawakuwa wamefika wiki mbili kwa sababu ya usafiri. "Tukasema, badala ya kukaa nyumbani, tufanye randonnée. Tunafika Mugere, tunarudi. Orlane anahesabu hatua."

"Elfu kumi na moja na mia mbili," alisema Orlane akiangalia mkono wake. "Mama, wewe umetoka wapi?"

"Buyenzi."

"Kwa miguu?" Orlane alimgeukia Loïc. "Unaona? Wewe unalia kisigino, na mama katoka Buyenzi na ndala mukobani."

"Mi silii. Mi natoa habari."

Waridi alijikuta akicheka, na kicheko kilimshtua kana kwamba mtu mwingine amekitoa. Walitembea pamoja kwa saa nzima na zaidi. Walimpa maji kwa mrija, wakamwonyesha namna ya kuuma ncha yake. Walimuuliza anaenda wapi, akasema Gasenyi. Walimuuliza kuna nini Gasenyi, akasema binti yake yuko kule. Hakusema uongo.

Vijana hao walikuwa na Kirundi cha nyumbani, si kama chake cha sokoni. Wazo hilo lilimfuata toka ukuta mmoja hadi mwingine. Mwishowe alitoa simu, akaficha neno la kwanza na la pili kwa kidole gumba, na la tatu pia, akamwonyesha Orlane mawili yaliyobaki.

"Hii ejo, binti yangu, ni ipi?"

Orlane alisoma. Guhamba halikufichwa. "Pole, mama," alisema. Halafu: "Ça dépend, inategemea. Hapa hawezi kujua mutu."

"Anaweza," alisema Loïc aliyekuwa anachungulia juu ya bega. "Ni kesho. Kama ingekuwa jana angeandika twahambye. Tumezika. Mutu akishafanya kitu anasema nimefanya. Akiacha verbe hivi, kitu bado."

"Na we umekuwa professeur wa Kirundi lini? Ulipataga ngapi?"

"Kumi na mbili juu ya ishirini."

"Basi mama, unaamini kumi na mbili."

"Ujumbe umefika lini?" Loïc aliuliza.

"Jana magharibi."

"Basi kesho yake ni leo. Mama, inabidi ukaze." Akaona amesema vibaya, akatazama viatu vyake.

Kumi na mbili juu ya ishirini. Waridi aliibeba alama hiyo kama mtu anavyobeba kaa la moto aliloliomba kwa jirani, akilizungushia mikono lisizimike. Kwenye Mto Kanyosha kisigino cha Loïc kilipasuka, wakasema watageuka, hawatafika Mugere. Orlane alimkumbatia, akamwachia chupa ya maji na mkate wenye mayai. Waridi aliwasikia wakirudi, sauti zikipungua, Orlane akisema jambo na Loïc akijibu, "Sasa ningesema nini?"

Adhuhuri ilimkuta mahali pasipo na mtu. Alitawadha ziwani. Huku kibla ni kaskazini, kimeinama kidogo tu kuelekea mashariki, kwa hiyo ili aswali ilimbidi ageuke aupe uso upande aliotoka. Nyayo zake zilikuwa mbele yake, za mtu anayekuja. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuburuta. Aliiona alama yake kwenye mchanga, mstari kati ya unyayo na unyayo. Tangu asubuhi alikuwa ametembea akiwa amekipa kibla mgongo, aliwaza, akaomba msamaha wa hilo pamoja na mengine.

Mchanga wa mchana ni kazi nyingine. Unalegea, unashika. Alipita kwenye majamvi ya ndagala zilizoanikwa, wanawake wawili wakiwafukuza kunguru kwa matawi, na mmoja akamwambia mwenzake kwa Kirundi, bila kushusha sauti, kwamba hawa watu wa mjini sasa wamekosa hata baiskeli. Waridi aliwasalimia kwa Kirundi. Wakacheka kwa aibu, wakamjazia kiganja ndagala kavu.

Mto Mugere ulikuwa umejaa, mwekundu, ukiingia ziwani kwa kelele. Palikuwa na mtu mwenye mtumbwi wa gogo anayevusha watu, jina lake Népomuscène, aliyekaa kwenye ukingo amefunika uso kwa kofia. Hakusimama.

"Mama, ukienda Rumonge leo, unafika Jumapili."

"Siendi Rumonge. Gasenyi."

Kofia ilitoka. "Gasenyi? Kwa Melchior?" Aliangalia mkoba, kitambaa cheupe kilichochungulia kwenye zipu iliyoharibika, na buibui lake. Akainuka. "Ingia. Kaa katikati, na usicheze. Kuna mamba mmoja hapa anapenda watu wazito, na we hujafikia kipimo chake, lakini asije akakosea."

Alipiga kasia bila haraka. Katikati ya mto alisema, "Kuna ikiriyo kule. Watu bado wamekaa." Ikiriyo ni matanga, Waridi alijua. Wakristo hukaa matanga kabla ya kuzika, na hukaa baada ya kuzika. Alikuwa na swali moja la kumuuliza mtu huyu, maneno matatu tu, na jibu lake lilikuwa hapo hapo, umbali wa kasia. Alitazama maji yakipita ubavuni mwa gogo. Walipogusa ng'ambo alimshukuru, akampa mkate wa Orlane, akaondoka bila kuuliza. Alikuwa bado na kilomita zaidi ya kumi za kutembea, na alihitaji kitu cha kuegemea akitembea.

Saa tatu zilizofuata, zilizokatwa na sala ya alasiri tu, hakuna aliyezijua isipokuwa mguu wake. Kabezi ilipita juu kushoto, mabati na mnara wa kanisa. Michikichi ilishuka mpaka kwenye maji. Mingine ilikuwa imekwisha kuanguka, mizizi juu, ziwa likiwa limechimba chini yake. Alihesabu. Mara tatu kwa maji ya mkunazi, au tano ikibidi. Ya mwisho yenye kafuri. Kuzifungua nywele, kuziosha, kuzisuka mikia mitatu, kuilaza nyuma. Nywele za Soumaya zilikuwa nyingi, ngumu kuingiza kitana. Alipokuwa mdogo alikuwa akipiga kelele mtaa mzima usikie, na Waridi akimkaza kichwa katikati ya magoti, tulia, tulia, nikikuacha nusu watu watasema huna mama. Sasa angetulia.

Alifika Gasenyi jua likiwa limebakiza upana wa viganja viwili juu ya milima ya Kongo.

Palikuwa na mitumbwi iliyopinduliwa, nyumba saba au nane, na turubai la plastiki limefungwa kati ya michikichi, watu wamekaa chini yake kwenye mabenchi. Waridi alisimama kabla hawajamwona. Ameingia katika nyumba nyingi za wafiwa, na kuna jambo moja analolijua ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakudhani lina maana kwa mwingine: maiti akiwa bado ndani, watu hutazama mlango. Akishatoka, hutazamana wao kwa wao.

Watu wa Gasenyi walikuwa wakitazamana.

Mwanamume mwembamba aliinuka, vidole vyake vyeusi kwa asidi ya betri. Alikuja mbio, kisha akaona si vizuri kukimbia, akatembea. Alimpokea kwa mikono miwili, ameinama, asimwangalie usoni, kama mkwe wa Kirundi anavyopaswa mbele ya mabukwe, mama wa mkewe.

"Mabukwe. Mumekuja kwa miguu."

"Yuko wapi?"

Melchior aliangalia watu wake, akamwangalia tena. "Nilikuandikia."

"Uliandika ejo."

"Ego," alisema. Ndiyo. "Ejo. Jumanne, saa kumi na moja ya jioni." Halafu akaelewa. Waridi aliona jinsi alivyoelewa, kidogo kidogo, kutoka kwenye macho kushuka mpaka mdomoni. "Simu haikuwa na moto. Umeme tangu Jumapili hakuna. Niliipeleka Kabezi jana, wakaichaji dakika kumi, nikaandika haraka haraka isizime."

"Jumanne ndiyo siku aliyofariki."

"Saa sita ya muchana."

"Mukamuzika siku ileile."

"Mabukwe," alisema Melchior, na Kiswahili chake kilianza kujikwaa. "Alinifundisha yeye. Alisema kwetu mutu halali. Akifa, jua lisimuache juu ya ardhi. Wazee wa hapa walikataa, walisema tungoje, ndugu zangu wa Bururi hawajafika, padri hajafika. Nikasema apana. Nilichukua binti yao bila kuuliza. Nisiwakosee mara ya pili."

Waridi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye mchanga, ingawa mabenchi yalikuwapo. Alikuwa amesoma ujumbe wa Mkristo kwa desturi ya Kikristo. Naye Mkristo alikuwa amezika kwa desturi ya Waridi. Kila mmoja alikuwa amekwenda nyumbani kwa mwenzake, na nyumba zote mbili zikabaki bila mtu.

Mwanamke mnene, Consolate, dada yake Melchior, alileta beseni la maji akaanza kumwosha miguu bila kuomba ruhusa. Waridi alimwacha. Alitazama mikono yake inavyofanya kazi. Ilikuwa mikono mizuri, mizito, isiyo na haraka.

"Nani alimuosha?"

"Mimi, mama. Na mwenzangu mumoja wa hapa. Islamu mwanamuke hatukumupata. Hamimu anayenunua ndagala ni Islamu, lakini ni mwanaume, alisimama inje akatuambia vile anakumbuka."

"Mara ngapi?"

"Moja. Maji yalikuwa ya ziwa, tuliyachemsha, tukayaacha yapoe. Tulisema yasimuunguze."

Waridi aliitikia kwa kichwa. Hilo la maji yasimuunguze ndilo jambo la kwanza analowafundisha wanaoanza kazi, na wengi hulisahau.

"Mulianza upande gani?"

"Sikumbuki, mama. Kichwa, ninazani."

"Nywele?"

"Tulimusuka. Mikia miwili. Alipendaka hivyo."

"Mitatu," alisema Waridi. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayehesabu. "Na nguo?"

"Shuka lake jeupe. Jipya."

"Alikuwa amenenepa?"

Consolate alikausha mguu wa kushoto kwa pindo la nguo yake mwenyewe, akaubonyeza kidogo, alama ya kidole ikabaki. "Apana. Homa siku nne, hakula. Alikuwa mudogo. Ungemubeba peke yako."

Melchior alikuwa amechuchumaa pembeni. "Alipozidiwa nilisema nimuite mama. Alikataa. Alisema esanse hakuna, atakuja kwa miguu, na mguu wake wa kushoto unajaaka."

Waridi aliutazama mguu huo ndani ya kiganja cha Consolate. Aliutazama muda mrefu.

Halafu akaomba kuonyeshwa.

Kaburi lilikuwa chini ya mchikichi wa mwisho, hatua arobaini na sita kutoka majini. Alizihesabu bila kukusudia. Mwaka juzi maji yalifika kwenye shina lile pale, alisema Melchior, lakini labda hayatarudi. Walikuwa wamepanga mawe meupe kuzunguka udongo. Msalaba hawakuweka. Waridi alisimama kwenye miguu ya kaburi, na kabla ya kuinua mikono kuomba, jicho lake la kazi lilikuwa limekwisha kuona.

Kaburi lilifuata ufuko. Lilitoka kaskazini kwenda kusini, sambamba na wimbi, wakati lilipaswa kulikata, kichwa milimani na miguu ziwani, ili uso wa aliyemo uangalie kaskazini.

"Hamimu alisema Islamu anaangalia Maka," alisema Melchior. "Tukamulaza ubavu wa kuume, uso kule." Alionyesha milima, mahali jua linapotokea. "Hamimu alikuwa ameshaondoka, bodaboda yake ilikuwa inangoja. Lakini kila mutu anajua Waarabu walitoka mashariki. Nilichimba mwenyewe." Alisubiri. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye amelala na swali hilo siku mbili: "Mabukwe, tumemulaza vizuri?"

Waridi aliangalia kaskazini. Ufuko ulikwenda ukapinda, ukaishia kwenye ukungu. Nyuma ya ukungu ulikuwapo mji, na Buyenzi, na mlango. Robo ya mzunguko, basi. Amewageuza wanawake wengi kwa robo hiyo, mkono mmoja begani, mmoja nyongani, bila kutoka jasho. Chini ya udongo huu ilikuwa mbali kuliko Buyenzi.

"Vizuri," alisema. "Mumemulaza vizuri, mwanangu."

Sauti haikutetemeka. Ndiyo sauti aliyowaambia nayo wafiwa kwa miaka thelathini na moja, akitoka chumbani na mikono iliyolowa: amelala vizuri. Siku nyingine zote ilikuwa kweli. Melchior alifunika uso kwa vidole vyake vyeusi na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na Waridi akaomba dua fupi, akaimaliza.

Jua liligusa milima ya Kongo. Magharibi ilikuwa inaingia.

"Muswali hapa, karibu naye," alisema Melchior. "Nitawaletea mukeka."

Waridi alimwona moyoni jinsi atakavyosimama pale, kwa heshima, kofia mkononi, akimtazama mama wa mkewe akielekeza uso wake kaskazini. Fundi wa taa si mtu wa kukosa kuona jambo kama hilo.

"Apana," alisema. "Nitaenda kule, nyuma ya mitumbwi. Nataka kuwa peke yangu."

Alichukua mkoba, akachechemea mpaka nyuma ya mtumbwi mkubwa uliopinduliwa, wenye ubavu unaomzidi kimo. Aligeuka mara mbili kuhakikisha haonekani. Kisha akageukia kaskazini. Mkeka hakuwa nao na mchanga ulikuwa umelowa, akaitoa sanda, akaikunjua. Ilikuwa ndefu mno kwa mtu anayeswali. Akaikunja mara nne, akapanda juu yake.